Lugha ya Ushahidi katika Hifadhidata za RNA Ndefu Zisizounda Protini: Mtazamo wa Mwanaisimu kutoka Uganda

Ikisiri

Sampuli za damu za Waganda hutumika katika tafiti za jenomu, na matokeo ya baadhi ya tafiti hizo huishia katika hifadhidata za kimataifa. Makala haya yanaeleza aina moja ya hifadhidata hizo, yaani zile zinazokusanya taarifa za jinsi RNA ndefu zisizounda protini zinavyodhibiti jeni. Hoja kuu ni kwamba ingizo la hifadhidata ni sentensi, na kwamba kitenzi cha sentensi hiyo mara nyingi hudai zaidi ya ushahidi ulioko nyuma yake. Kwa kutumia mfano wa selimundu, makala yanaonesha athari za jambo hilo kwa fomu za ridhaa, kwa istilahi za Kiswahili na kwa kazi ya washauri wa sera nchini Uganda.

Maneno muhimu: hifadhidata, RNA ndefu, udhibiti wa jeni, istilahi, ridhaa, selimundu

1.0 Utangulizi

Makao makuu ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda yapo Ntinda, katika Barabara ya Kimera, si mbali na maduka na vituo vya bodaboda ambavyo ndivyo huwajia watu wengi akilini eneo hilo linapotajwa. Baraza liliundwa kwa sheria mwaka 1990. Utafiti unaohusisha binadamu nchini Uganda hupitiwa kwanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa na Baraza, kisha husajiliwa na kupewa kibali na Baraza lenyewe. Na sampuli inapotakiwa kuvuka mpaka, mkataba wa uhamishaji wa sampuli huambatanishwa. Kwa hiyo, swali la nini kinafanywa na damu ya mtu aliyekubali kushiriki utafiti ni, kiutawala, swali la Ntinda.

Mwanaisimu anaingiaje hapo? Mimi niliingia kupitia fomu ya ridhaa. Mradi mmoja wa utafiti, ambao hapana haja ya kuutaja, uliniomba nihakiki tafsiri ya Kiswahili ya fomu ambayo washiriki wangesomewa kabla ya kutolewa damu. Nakala ya Kiingereza ilisema kwamba watafiti wangechunguza mabadiliko ya vinasaba "yanayohusiana" na ugonjwa. Nakala ya Kiswahili ilisema "yanayosababisha" ugonjwa. Nilidhani ni kosa la mfasiri, nikalirekebisha. Baadaye nilipozungumza naye, alinionesha karatasi ya maelezo aliyokabidhiwa pamoja na fomu. Humo mlikuwa na jedwali lililotolewa katika hifadhidata, na katika jedwali hilo kila uhusiano kati ya RNA na jeni uliandikwa kwa kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, chenye maana ya kudhibiti. Mfasiri alisoma kwamba jeni zinadhibitiwa, akahitimisha kwamba kinachodhibiti ndicho kinachosababisha. Hakuwa amekosea kusoma. Jedwali ndilo lililodai zaidi ya lilichokuwa nacho.

Makala haya yametokana na jitihada za kulielewa jedwali lile. Yamekusudiwa kwa watafiti wa lugha wanaoitwa kutafsiri hati za aina hiyo, na kwa washauri wa sera ambao hupokea majedwali kama hayo yakiwa viambatisho vya maombi, mara nyingi bila muda wa kuuliza yametoka wapi.

2.0 RNA ndefu zisizounda protini ni nini?

Jenomu ya binadamu ina takriban besi bilioni 3.1. Sehemu inayobeba maelekezo ya kuunda protini haifiki asilimia 2, na jeni za kuunda protini ni kama 20,000. Maelezo ya shuleni ni kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA husomwa na seli ili kuunda protini. (Itakumbukwa kwamba wanabiolojia waliazima msamiati huu kwetu: unukuzi, tafsiri, msimbo, hata maktaba. Kwa bahati mbaya hawakuazima pia tahadhari zetu juu ya tafsiri.) Lililobainika baadaye ni kwamba seli hunakili sehemu kubwa ya DNA kuwa RNA ambazo hazisomwi kuwa protini. Kati ya hizo, zile zinazozidi nyukliotidi 200 ndizo huitwa RNA ndefu zisizounda protini. Mpaka huo wa 200 haukutokana na maumbile ya seli. Ulitokana na mbinu za maabara za kutenganisha RNA fupi na ndefu. Mwaka 2023 John Mattick na wenzake walipendekeza usogezwe hadi 500.

Mfano uliothibitishwa vizuri zaidi ni XIST. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na katika seli zake moja hunyamazishwa, jambo lililopendekezwa na Mary Lyon mwaka 1961 kutokana na uchunguzi wa panya. Mwaka 1991 iligunduliwa RNA inayotolewa na kromosomu ile ile inayonyamazishwa. RNA hiyo, yenye urefu wa takriban nyukliotidi 17,000, huifunika kromosomu iliyoizaa na kuita protini zinazoifunga. Haigeuki kuwa protini. Kazi yake huifanya ikiwa RNA.

HOTAIR ilielezwa mwaka 2007 na maabara ya Howard Chang, na historia yake ni tofauti. RNA hii hutolewa katika kromosomu ya 12. Ilipopunguzwa katika seli za ngozi za binadamu zilizokuzwa maabara, jeni za kundi la HOXD zilizoko kromosomu ya 2 zilifanya kazi zaidi. Ugunduzi huo ulipokewa kwa shangwe, kwani ulionesha RNA ikifikia kromosomu nyingine. Hata hivyo, tafiti za baadaye kwa panya walioondolewa sehemu hiyo ya DNA zilitoa matokeo yanayokinzana, na mjadala haujafungwa. NEAT1, kwa upande wake, ni kama nguzo: huzishikilia pamoja protini kadhaa ndani ya kiini cha seli. Mwaka 2013 ilioneshwa kwamba kupunguza NEAT1 katika seli kuliongeza uzalishaji wa virusi vya UKIMWI, tokeo ambalo kwa nchi zetu si la kupita nalo haraka.

Jina lenyewe linastahili neno moja. Kuita kitu kwa kile kisichokifanya ni dalili kwamba aliyekipa jina alikuwa akitazama kitu kingine. Nimetumia "isiyounda protini" kwa sababu inaeleweka na inaakisi matumizi ya kimataifa, lakini sidhani kwamba ni istilahi ya kudumu.

3.0 Hifadhidata zinavyotungwa

Zipo ngazi mbili, na kuzichanganya ndiko huleta matatizo mengi. Ngazi ya kwanza ni orodha: RNA ipi ipo, inatoka wapi katika jenomu, ina urefu gani. Hapa hupatikana GENCODE, NONCODE, LNCipedia na RNAcentral. Ngazi ya pili ni uhusiano: RNA hii inafanya nini kwa jeni ile, katika ugonjwa gani. Hapa hupatikana LncRNADisease iliyotangazwa mwaka 2013, LncReg na LncRNA2Target za mwaka 2015, na LncTarD ya mwaka 2020.

Katika ngazi ya kwanza msomaji atashangazwa na idadi. GENCODE katika taarifa yake ya mwaka 2012 ilihesabu jeni 9,277 za RNA ndefu kwa binadamu. Mradi wa FANTOM mwaka 2017 ulihesabu 27,919. NONCODE katika toleo lake la tano ilizidi 96,000. Hakuna aliyedanganya. Wapo wanaodai ushahidi wa kila mwanzo na mwisho wa RNA, na wapo wanaopokea kila kipande kilichoonekana katika mashine za kusoma RNA. Msomaji wa Uganda ana mfano wa karibu. Katiba ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii asilia 56. Baada ya marekebisho ya mwaka 2005 zikawa 65. Hakuna jamii iliyozaliwa katika miaka hiyo kumi. Kilichobadilika ni kigezo cha kuorodhesha. Wanaisimu nao walichukua njia ya kinyume walipoziweka Runyankore, Rukiga, Runyoro na Rutooro chini ya jina moja la Runyakitara. Anayeuliza lugha ni ngapi lazima kwanza aseme lugha ni nini, na ndivyo ilivyo kwa RNA hizi.

Tatizo la majina huongezeka juu ya tatizo la idadi. RNA iitwayo MALAT1 imeandikwa pia kama NEAT2. Mtu akitafuta jina moja tu, makala zilizotumia jina la pili humpita. Kamati ya kimataifa ya majina ya jeni, HGNC, imeweka kanuni: jina rasmi moja, majina mengine yakiwekwa kando kama visawe, na RNA zisizojulikana kazi yake zikapewa majina kutokana na mahali zilipo. Kanuni hiyo ni ya busara, kwa sababu jina linalotokana na ugonjwa hupotosha. Herufi za MALAT1 ni ufupisho wa maelezo yanayotaja kuenea kwa saratani ya mapafu, kwa kuwa huko ndiko ilikoonekana kwanza. Lakini RNA hiyo hupatikana kwa wingi katika tishu nyingi za watu wenye afya. Fikiria mtu aliyepewa jina la hospitali alikozaliwa, kisha kila anayemsikia akadhani ni mgonjwa.

Ngazi ya pili hutungwa kwa kazi ya mikono zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Wasomaji waliofunzwa hupitia makala za kisayansi, huchagua sentensi zinazoeleza uhusiano, kisha huzijaza katika safu za jedwali. Toleo la kwanza la LncTarD lilikuwa na mahusiano 2,822 yanayohusu RNA ndefu 475 na magonjwa 177. Linganisha 475 na makumi elfu yaliyotajwa juu: kwa RNA nyingi tunajua kwamba zipo, na basi. Na hizo chache zinazojulikana zinajulikana hasa kupitia saratani, kwa kuwa huko ndiko fedha za utafiti na seli za maabara zilikokuwa nyingi.

Ushahidi nao hutofautiana kwa uzito. Njia ya kawaida ni kupunguza RNA katika seli, au kuizidisha, kisha kupima jeni zipi zimebadilika. LncRNA2Target ilijengwa juu ya mantiki hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mabadiliko hufuatana kama mnyororo. Ukimwondoa mwalimu mkuu na mahudhurio ya wanafunzi yakashuka, haina maana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuwaamsha. Huenda walimu wa zamu walilegea, au uji wa saa nne ulikoma kupikwa. Njia nyingine huonesha kwamba RNA na protini fulani zinagusana, lakini kugusana si kutenda. Mwisho kabisa zipo hifadhidata zinazotumia programu za kompyuta kukisia uhusiano kutokana na mfuatano wa herufi tu. Makisio hayo ni muhimu kwa kuelekeza majaribio. Yakishaingia katika jedwali moja na majaribio yenyewe, macho hayatofautishi tena.

4.0 Ingizo kama sentensi

Tunaofanya kazi ya kamusi tunajua kwamba kitomeo ni maandishi yaliyobanwa: kila alama ndani yake husimama mahali pa maelezo marefu. Ingizo la hifadhidata ya udhibiti wa jeni ni vivyo hivyo. Lina kiima, yaani RNA, lina kitenzi, lina yambwa, yaani jeni, na lina vielezi: katika seli zipi, kwa njia gani ya majaribio, katika ugonjwa gani, kwa mujibu wa makala ipi. Hifadhidata nzuri huhifadhi vyote hivyo. Lakini mtumiaji anapopakua data ili achore mtandao wa mahusiano, mara nyingi huchukua safu tatu tu: RNA, kitenzi, jeni. Vielezi hubaki nyuma, na pamoja navyo hubaki ukweli mwingi.

Kiingereza huruhusu hali hiyo kwa urahisi kwa sababu kitenzi chake cha wakati uliopo hubeba kwa pamoja tokeo la mara moja na kanuni ya daima. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague. Ukisema "XIST hunyamazisha kromosomu X", kiambishi hu- kinafaa: jambo limeshuhudiwa mara nyingi, katika maabara nyingi. Lakini kwa HOTAIR na panya wale wanaokinzana, aliye mwaminifu atasema "HOTAIR ilipopunguzwa katika seli za ngozi za binadamu, jeni za HOXD zilifanya kazi zaidi". Hapo -li- inatufunga na tukio, mahali na njia. Naona hapa Kiswahili kina nafuu ambayo hatujaitumia. Mfasiri anayejiuliza "niandike hu- au -li-?" tayari anauliza swali ambalo mhakiki wa kisayansi angepaswa kuuliza.

Nafuu hiyo ina gharama zake. RNA na jeni zote ziko katika ngeli ya I-/ZI-, na umoja na wingi wake kwa umbo ni sawa. Chukua kirai "jeni inayodhibiti RNA hii". Kwa kuwa Kiswahili huruhusu kiima kuja baada ya kitenzi katika vishazi rejeshi, kama katika "kitabu anachosoma mtoto", kirai hicho kina maana mbili: jeni ambayo yenyewe huidhibiti RNA, na jeni ambayo RNA huidhibiti. Katika mfano wa kitabu, ngeli mbili tofauti hutuokoa. Hapa hakuna cha kutuokoa. Kuongeza kiambishi cha yambwa, "inayoidhibiti", hakusaidii, kwani -i- nayo inaweza kurejelea yeyote kati ya wawili hao. Dawa ni kauli ya kutendwa: "jeni inayodhibitiwa na RNA hii". Niliona kosa hili katika rasimu tatu tofauti za hati moja, na kila mara kirai kilisomeka vizuri kabisa kwa masikio ya mzawa wa lugha. Kwa mwelekeo wa udhibiti, kosa hilo ni sawa na kugeuza mkopeshaji kuwa mdaiwa.

Neno "udhibiti" lenyewe lina mzigo. Katika Kiswahili cha serikali hudhibitiwa uhalifu, magendo, bei na magonjwa ya mlipuko. Msikilizaji hupata taswira ya mamlaka yenye nguvu juu ya kitu kinachotakiwa kuzuiwa. RNA kama NEAT1 haizuii wala haiamuru, hushikilia. Nimejaribu "uratibu", nikaona linapendeza katika mazungumzo lakini linapoteza wazo la kupanda na kushuka kwa utendaji wa jeni. Rai yangu ni kubakiza "udhibiti" pale ambapo mwelekeo umeoneshwa na mguso wa moja kwa moja umethibitishwa. Pale ambapo kimeonekana badiliko tu, kutumia "huathiri". Na pale ambapo vitu viwili vimeonekana kupanda au kushuka pamoja, "huhusiana na" pekee. Vitenzi vitatu, ngazi tatu za ushahidi. Havimgharimu mtu chochote.

5.0 Selimundu: mfano ulio karibu nasi

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sampuli 97,631 za watoto wachanga na wadogo kutoka pembe zote za Uganda. Asilimia 13.3 walikuwa na chembe moja ya urithi ya selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Baganda huuita nalubiri. Katika vyumba vya kliniki swali si la nadharia.

Mtoto mchanga mwenye selimundu kwa kawaida haumwi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu damu yake bado ina hemoglobini ya kijusi. Hemoglobini hiyo inapopungua na ile ya ukubwani kuchukua nafasi yake, ugonjwa hujitokeza. Wagonjwa ambao kwa maumbile hubaki na hemoglobini nyingi ya kijusi huwa na hali nafuu. Kwa hiyo, lolote linalodhibiti swichi hiyo lina thamani kubwa ya tiba. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 hulenga kipande cha DNA kisichounda protini ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Bei yake iliyotangazwa Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, inatosha kueleza kwa nini haizungumzwi sana katika wadi zetu.

RNA ndefu zimo katika hadithi hii. Mwaka 2018 ilielezwa kwamba BGLT3, RNA inayotolewa katikati ya kundi la jeni za hemoglobini kwenye kromosomu ya 11, husaidia jeni za hemoglobini ya kijusi kufanya kazi. Mwaka huo huo timu nyingine ilieleza RNA ndefu inayotoka kati ya jeni za HBS1L na MYB kwenye kromosomu ya 6: ilipopunguzwa, hemoglobini ya kijusi ilipanda. Mshauri wa sera akikutana na mahusiano haya mawili katika jedwali la safu tatu, ataona mistari miwili yenye matumaini kwa watoto wa Uganda.

Sasa turudishe vielezi. Majaribio ya BGLT3 yalitumia seli za K562, ambazo asili yake ni mgonjwa wa saratani ya damu na zimekuwa zikikuzwa maabara tangu miaka ya 1970. Majaribio ya RNA ya pili yalitumia pia seli za HUDEP-2, zilizotengenezwa Japani kutokana na damu ya kitovu. Hizo ni zana halali na zinazoheshimika. Hazitoki kwa mtoto mwenye selimundu wa Afrika Mashariki, wala hazikudai hivyo. Zaidi ya hapo, eneo la HBS1L na MYB ni mojawapo ya maeneo ambayo tafiti za Muhimbili, Dar es Salaam, zililichunguza kwa wagonjwa wa Tanzania, na ikabainika kwamba vibadala vinavyopandisha hemoglobini ya kijusi ambavyo ni vya kawaida kwa watu wa Ulaya ni adimu zaidi kwa wagonjwa wetu. Eneo ni lile lile, RNA ni ile ile, lakini uzito wake katika jamii mbili haulingani. Ingizo la "RNA fulani hudhibiti hemoglobini ya kijusi" halina mahali pa kulisema hilo, isipokuwa safu ya jamii iliyochunguzwa iongezwe na ijazwe.

6.0 Nani yumo katika jedwali

Upungufu huo una historia. Tathmini ya mwaka 2016 ilionesha kwamba asilimia 81 ya washiriki wa tafiti zinazohusisha jenomu nzima na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 3 tu wa asili ya Afrika. Mradi wa GTEx, ambao hutumiwa sana kujua RNA ipi hufanya kazi katika tishu ipi, ulipata takriban asilimia 85 ya wachangiaji wake miongoni mwa Wamarekani wa asili ya Ulaya. Mwaka 2019 Rachel Sherman na wenzake walichunguza watu 910 wa asili ya Afrika wakakuta karibu besi milioni 300 ambazo hazimo katika jenomu rejelezi. RNA inayotolewa katika sehemu isiyokuwamo katika rejelezi haiwezi kuingia katika orodha yoyote, na isiyo katika orodha haiwezi kuwa kiima cha sentensi yoyote.

Uganda haikukaa kimya. Mwaka huo huo wa 2019 ilichapishwa Rasilimali ya Jenomu ya Uganda, iliyotokana na kundi la ufuatiliaji la Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa nchi, chini ya taasisi ya Entebbe: watu wapatao 6,400 walipimwa vibadala, na 1,978 walisomwa jenomu nzima. Tokeo moja lina funzo kwa washauri wa sera. Upungufu wa kipande cha DNA unaosababisha aina ya talasemia ulionekana kuhusiana na kipimo cha sukari kinachotegemea hemoglobini, kipimo ambacho hutumika kila siku kufuatilia kisukari. Maana yake ni kwamba kwa baadhi ya watu wetu kipimo hicho huenda kikasomeka tofauti kwa sababu isiyohusu sukari. Orodha iliyotungwa kwa damu ya Ulaya pekee isingelionesha hilo. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa nao ulitangaza vibadala zaidi ya milioni 3 visivyojulikana awali, kutoka kwa watu 426 tu wa makundi 50 ya kilughawiya na kijamii.

Kusoma DNA, hata hivyo, si kusoma RNA. DNA ya mtu ni ile ile katika ini na katika ubongo. RNA hubadilika kwa tishu, kwa umri, hata kwa maambukizi. Ili RNA za watu wetu ziingie katika hifadhidata za udhibiti, zitahitajika sampuli za aina mpya, zilizohifadhiwa kwa baridi kali na kupimwa haraka. Tangu mwaka 2019 kipo Makerere, katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, kituo cha bioinformatika chenye uwezo wa kuchambua data za ukubwa huo. Kwa hiyo maombi ya aina hii yatazidi kufika Ntinda, na fomu za ridhaa zitazidi kutufikia sisi.

7.0 Fomu ya ridhaa na istilahi zake

Istilahi ya kwanza inayomfikia mshiriki ni "vinasaba". Katika Kiswahili cha Tanzania neno hili limeshika mizizi, likiwa limetumika pia katika utekelezaji wa sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu. Limetokana na "nasaba", na kwa msikilizaji wa kawaida huleta mara moja swali la nani baba wa nani. Luganda ina "endagabutonde", kile kinachoonesha maumbile ya mtu, na magazeti yamelifungamanisha na kesi zile zile za uzazi. Kwa hiyo fomu inayosema "tutachunguza vinasaba vya mtoto wako" bila kuongeza kwamba utafiti hauhusu ubaba huleta hofu ndani ya nyumba ambayo hakuna mtafiti atakayeiona. Wanaotumia "jeni" hukwepa hofu hiyo, lakini hupoteza wasikilizaji wasiolijua. Mimi hutumia yote mawili: "vinasaba" kwa DNA kwa jumla na "jeni" kwa kipande kimoja chenye kazi, kisha naeleza kwa sentensi moja.

Wapo wanaouliza kwa nini tushughulike na Kiswahili katika nchi ambayo fomu nyingi husomwa kwa Luganda, Runyankore au Acholi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Zaidi ya hayo, katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, wengi waliotoka Kongo husomewa fomu kwa Kiswahili, na Kiswahili chao si cha Dar es Salaam. Istilahi iliyopitishwa bila kujaribiwa kwao ni istilahi nusu.

Upande wa sheria pia unagusa lugha. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 hutaja data za kijenetiki waziwazi miongoni mwa data nyeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 hutaja hali ya afya na kumbukumbu za matibabu. Je, mstari wa hifadhidata unaosema kwamba RNA fulani iko juu katika seli za mtu fulani ni hali yake ya afya? Mwanasheria anaweza kujibu kwa namna zaidi ya moja, na hadi hapo fomu ya ridhaa ndiyo inayobeba mzigo.

Fomu nyingi nilizosoma huzungumzia "sampuli" kana kwamba ndiyo yote. Kwa kweli kuna vitu vitatu: damu, ambayo inaweza kuharibiwa mshiriki akijiondoa, mfuatano wa herufi uliosomwa kutoka katika damu hiyo, ambao unaweza kufungiwa, na ingizo lililotungwa kutokana na mifuatano ya watu wengi, ambalo likishachapishwa haliwezi kurudishwa. Ahadi ya "unaweza kujiondoa wakati wowote" ni kweli kwa cha kwanza, ni kweli kwa masharti kwa cha pili, na si kweli kwa cha tatu. Napendekeza Baraza liwaombe watafiti watenganishe vitu hivyo katika lugha ya mshiriki, wataje ni aina gani ya hifadhidata matokeo yataingizwa, na kwa kila kitenzi cha uhusiano kilichomo katika karatasi ya maelezo waoneshe ngazi ya ushahidi wake. Kamati za maadili zinaweza kufanya hivyo bila sheria mpya.

Fomu iliyoanzisha makala haya hatimaye ilisomeka hivi: "Tutaangalia kama baadhi ya vipande vya vinasaba huonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa huu. Tukiviona, haitakuwa na maana kwamba ndivyo vilivyouleta." Mfasiri alilalamika kwamba sentensi ya pili haimo katika nakala ya Kiingereza. Tuliwaandikia wenye mradi, nao wakaiongeza katika nakala ya Kiingereza.